Ukiona Taa Usiyoijua Angani: Namna ya Kuandika Taarifa Itakayofanyiwa Kazi

Alfajiri moja ya Novemba, kusi imekwisha na kaskazi bado haijashika, mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa anarudi na dagaa kuelekea ufukwe wa Deep Sea, hapa Tanga, akaona taa zimefuatana angani kama shanga za tasbihi. Zilitokea upande wa mjini, kusini-magharibi, zikapanda, zikapita karibu na utosi, kisha zikapotelea baharini upande wa kaskazini-mashariki. Hazikupepesa wala hazikuwa na mlio. Chomboni walikuwa wanne na wote waliziona.

Asubuhi ile ile, chumvi ikiwa bado mwilini, alikwenda ofisi moja kutoa taarifa. Akaulizwa ilikuwa saa ngapi. Akajibu kama anavyojibu mtu yeyote wa pwani: saa kumi na moja na robo. Karani akaandika 11:15. Kwa karatasi ile, taa zilionekana saa tano na robo, jua linawaka. Nani atazitafuta? Na kabla hajaondoka akaulizwa mbele za watu kama usiku huo alikuwa amevuta kitu.

Jioni alikuja kwangu Chumbageni, akasema "Shikamoo mwalimu," akakaa barazani, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, bahari nimeizoea miaka ishirini na sita. Sijawahi kusema nimeona nisichokiona."

Nimefundisha Jiografia miaka 31, na namjua huyu kijana tangu kidato cha kwanza. Siku ile nilianza daftari, na nikaanza kusoma serikali za nchi nyingine hufanyaje raia anapokuja na habari ya kitu asichokitambua angani. Nililojifunza ni hili: taarifa nyingi hufia kwenye saa, upande na kimo, mapema kabisa kabla ya mtu yeyote kufikia swali la kuamini au kutoamini. Hayo matatu mvuvi anaweza kuyaandika vizuri kuliko profesa, akionyeshwa jinsi.

Jua kwanza karatasi yako itafanywa nini

Ofisa anayepokea taarifa yako, awe Ulaya au Amerika, kwanza hujaribu kuifuta. Usikasirike, ndiyo kazi yake. Anachukua saa na mahali, anatazama sayari zilikuwa wapi, ndege gani zilipita, puto gani lilirushwa, setilaiti gani zilikuwa juu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachokishughulikia.

Marekani walianza baada ya Juni 24, 1947, siku ambayo rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikienda kasi karibu na Mlima Rainier, na magazeti yakavipa jina la visahani. Jeshi la Anga likaanza kukusanya taarifa. Mradi uliodumu kuliko yote uliitwa Blue Book, kuanzia 1952 hadi 1969, na ulikusanya taarifa 12,618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo. Hiyo ni kama moja katika kila kumi na nane. Watu hupenda kuutaja ule 701 peke yake. Mimi huwaambia waangalie pia zile karibu 12,000, kwa sababu kila moja ilikuwa na mtu aliyeapa kwamba ameona ajabu, na wengi wao walikuwa wakweli kabisa. Waliona kweli. Hawakujua tu walichokiona.

Nchi ninayoiheshimu zaidi kwa kazi hii ni Ufaransa. Huko kazi iko chini ya shirika la taifa la anga za juu, CNES, mjini Toulouse, tangu 1977. Kitengo kimebadilishwa jina mara kadhaa na sasa kinaitwa GEIPAN. Raia hujaza fomu ndefu na kuchora alichokiona, au huenda kwa jandameri, ambao ndio polisi wa vijijini, na maelezo yake huandikwa kwa hati rasmi kama ya ajali ya gari. Januari 8, 1981, mtu mmoja wa Trans-en-Provence alisema ameona chombo kikitua karibu na nyumba yake. Jandameri walikuja, wakapima alama iliyobaki ardhini, wakachukua udongo na majani, vikapelekwa maabara. Watu wanabishana juu ya majibu yake hadi leo, lakini wana udongo wa kubishania. Nikikumbuka mwanafunzi wangu alivyosimamishwa mbele ya watu na kuulizwa amevuta nini, natamani kila karani wa nchi hii asome habari ya wale jandameri.

GEIPAN huziweka taarifa katika mafungu manne. A ni iliyotambuliwa kwa hakika. B ni iliyotambuliwa kwa uwezekano mkubwa. C ni ile ambayo haina taarifa za kutosha. D ni ile yenye taarifa za kutosha, ikachunguzwa, na bado haikueleweka. Kisha huchapisha matokeo raia wote wayasome, majina ya mashahidi yakiwa yameondolewa.

Tafadhali zishike herufi hizo mbili za mwisho, C na D. Ukimsikia mtu mtaani anasema "hata serikali ilishindwa kuieleza", mara nyingi anazungumzia C. Hakuna aliyeshindwa. Shahidi alisema "ilikuwa kubwa, ilikuwa usiku, ilikuwa kule", na kwa maneno hayo hata malaika hawezi kufanya hesabu. Taarifa ya D ni adimu, na inapatikana tu kwa shahidi aliyeandika vizuri. Kwa hiyo kama unaamini kwa dhati kwamba ulichokiona si cha kawaida, wewe ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuandika saa, upande na kimo.

Uingereza nitapita haraka. Wizara yao ya Ulinzi ilipokea taarifa za raia kwa zaidi ya miaka 50, ikawa na simu na barua pepe maalumu, kisha Desemba 2009 ikafunga dawati lile kwa maelezo kwamba katika miaka yote hiyo hakuna taarifa iliyoonyesha tishio kwa nchi. Majalada yakapelekwa Hifadhi ya Taifa, na raia wanayasoma. Brazil nayo tangu 2010 imeliagiza jeshi lake la anga kuandikisha taarifa na kuzipeleka hifadhi ya taifa. Chile imefanya uamuzi ninaoupenda: kitengo chao, kilichoanza 1997, kiko ndani ya mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia. Wanauliza kwanza swali la rubani: je, kitu hiki kinaweza kugongana na ndege yenye abiria?

Marekani wamerudi tena kwenye suala hili. Juni 2021 ofisi inayosimamia ujasusi wao ilitoa tathmini ya taarifa 144 zilizotoka kwa watumishi wa serikali, wengi wao marubani wa kijeshi. Ilieleza moja tu kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa linaishiwa hewa. Julai 2022 ikaundwa ofisi iitwayo AARO ndani ya Wizara ya Ulinzi, na Machi 2024 ikatoa mapitio ya historia yote tangu 1945 ikisema haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje ya dunia. Lakini angalia jambo moja: fomu waliyoifungua Oktoba 2023 ilikuwa ya watumishi na waliowahi kuwa watumishi wa serikali. Mvuvi wa Marekani hakufunguliwa mlango huo.

Saa, na usiku ni wa nani

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo sisi Waswahili tunapopoteza taarifa zetu.

Andika saa mara mbili. Andika "saa 11 na robo alfajiri" na pembeni yake andika "05:15". Usimwachie karani kazi ya kugeuza. Ukisema "saa mbili usiku" mbele ya mtu anayeandika kwenye kompyuta, una hatari ya kuandikiwa 02:00, na anga la saa mbili usiku na anga la saa nane usiku ni maanga mawili tofauti kabisa. Katika saa sita dunia imegeuka robo ya mzunguko. Nyota iliyokuwa inachomoza baharini sasa iko utosini.

Marubani na waongoza ndege hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. 05:15 yetu ni 02:15 yao. Na kama umeona kitu saa saba usiku, 01:00, kwao bado ni saa nne usiku ya tarehe iliyotangulia. Hilo mwachie ofisa, lakini mwandikie wazi kwamba saa yako ni ya Afrika Mashariki.

Sasa siku. Kwa hesabu tuliyolelewa nayo hapa pwani, siku huanza jua linapozama. Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, usiku wa kusoma Yasini. Kijana wa leo akisema "Ijumaa usiku" anakusudia ule unaofuata. Tofauti ni saa 24, na kwa saa 24 setilaiti ya karibu na dunia imeizunguka mara kumi na tano na zaidi. Andika hivi: "usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe fulani". Maneno hayo hayana mawili.

Na andika siku ile ile. Jimmy Carter, kabla hajawa rais wa Marekani, aliona taa angani huko Leary, Georgia, na fomu akaijaza 1973, miaka minne baadaye. Aliandika kwamba ilikuwa Oktoba 1969. Mtafiti mmoja alipotafuta kumbukumbu za klabu aliyokwenda kuihutubia jioni ile, akakuta ilikuwa Januari 6, 1969. Kwa tarehe ya fomu hesabu haikwenda popote. Kwa tarehe ya kweli mtafiti akaikuta sayari ya Zuhura inang'aa upande ule ule wa magharibi. Wengine wana maelezo tofauti, lakini mjadala wote ulisimama hadi tarehe iliporekebishwa. Mtu huyo alikuwa amesomea uhandisi na alihudumu jeshi la majini. Kama kumbukumbu yake iliteleza miezi tisa, yako na yangu je?

Upande: muulize mihrabu

Dira ya simu ni nzuri lakini inadanganywa na chuma. Ukiwa kwenye boti ya injini au karibu na nguzo ya umeme usiiamini. Tanga tuna bahati ambayo wengi hawajaifikiria: tuko longitudo 39 Mashariki na Makka iko karibu na 40 Mashariki, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa. Mihrabu ya msikiti wowote hapa Ngamiani, Makorora au Mabawa inakuonyesha kaskazini kwa tofauti ya uzi mmoja, yaani digrii moja, au nyuzi mbili. Simama ukielekea kibla: mkono wa kulia ni mashariki, baharini; wa kushoto ni magharibi, milima ya Usambara; mgongoni ni kusini, Tongoni na Pangani. Wale wasioswali wanajua msikiti wa jirani ulipo, na adhana wanaisikia.

Kisha taja kitu cha ardhini kilichokuwa chini ya ile taa. "Juu ya mnara wa taa wa Ulenge, kulia kidogo" ni maneno bora kuliko "kaskazini-mashariki", kwa sababu kesho mchana mtu anaweza kusimama mahali uliposimama na kupima.

Kimo na ukubwa: ngumi yako

Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni nyuzi 90. Nyosha mkono kabisa, kunja ngumi: ngumi hiyo inafunika nyuzi 10. Shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Kidole kidogo peke yake ni uzi mmoja. Weka ngumi ya kwanza juu ya upeo wa bahari, ya pili juu yake, hesabu hadi uifikie ile taa. "Ngumi tatu" ofisa ataandika nyuzi 30. Mtoto na mtu mzima hupata jibu karibu sawa, kwa kuwa mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi.

Usiseme "ilikuwa kubwa kama sinia". Sinia la umbali gani? Sinia mkononi na sinia ng'ambo ya barabara si sawa. Mwezi mpevu tunaouona mkubwa vile ni nusu uzi tu, nusu ya upana wa kidole kidogo. Sema "ilikuwa robo ya upana wa mwezi", au "nukta tu". Na umbali usiukisie kamwe. Usiku, kitu usichokijua ukubwa wake hakina umbali machoni mwako. Andika pembe, na mwenye kazi atafute umbali.

Kama inatembea, iegemeze

Ukikazia macho nukta moja ya mwanga gizani, baada ya muda itaonekana inacheza, inasogea, hata inakufuata. Jicho ndilo linalocheza. Hili limewapata marubani wenye miaka mingi. Dawa yake ni mnazi. Simama ili taa iguse ncha ya kuti moja, au kona ya paa, au mlingoti wa chombo kilichopwelewa, egemeza kichwa ukutani, hesabu dakika mbili. Ikibaki palepale haikutembea. Ikisogea taratibu kama mwezi usogeavyo, ni nyota au sayari. Ikiacha kuti ikaenda zake, hapo una jambo la kuandika: ilianzia wapi, ikaishia wapi, kwa dakika ngapi.

Andika na upepo. Kitu kinachokwenda na kaskazi kuelekea kusini-magharibi na kitu kinachopingana nayo ni habari mbili tofauti.

Picha

Piga, lakini usivute karibu: simu ikivuta hutengeneza duara la ukungu ambalo limewapoteza wengi. Acha mnazi au paa lionekane kwenye picha. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kunyofolewa taarifa zake za saa na mahali. Itume kama hati, na ile ya asili ibaki kwenye simu. Jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katika ripoti yake ya Septemba 2023, lilitilia mkazo kwamba tatizo kubwa ni uhaba wa data nzuri: picha zisizo na saa, zisizo na kipimo, zilizopigwa na kamera ambazo hakuna ajuaye zilivyowekwa.

Mashahidi watenganishwe

Mkiwa wanne, kila mmoja aandike au asimulie peke yake kabla hamjakaa pamoja kwenye kahawa. Najua ni vigumu. Mtu akiona ajabu hutaka kuisema papo hapo. Lakini masimulizi yakishachanganyika hayatenganishiki tena.

Mfano wa Afrika unaoniuma ni wa Ruwa, Zimbabwe. Septemba 14, 1994, usiku, watu wengi wa kusini mwa Afrika waliona moto ukipita angani: sehemu ya roketi ya Urusi iliyokuwa inarejea na kuungua. Habari zikaenea redioni. Septemba 16 watoto 62 wa Shule ya Ariel wakasema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa kuchezea. Waliowahoji walikuwa watafiti binafsi na waandishi, siku kadhaa zikiwa zimepita, na baadhi ya watoto walihojiwa wakiwa vikundi. Mimi ni mwalimu. Watoto 62 wakija wanalia, hupaswi kuwaita waongo wala kuwapigia makofi. Unampa kila mmoja karatasi na penseli, unawakalisha mbalimbali kama mtihani, siku ile ile, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia. Hilo lingefanyika, leo tungekuwa na ushahidi wa thamani isiyo na mfano, vyovyote utakavyoamini.

Pitia vya kawaida kwanza

Fanya wewe kabla ofisa hajafanya. Zuhura jioni hukaa juu ya Usambara, inang'aa kuliko nyota zote, na ikikaribia milima hubadilika rangi na kuonekana inatetema. Alfajiri ikiwa zamu yake ya mashariki, hutokea baharini kama taa ya meli. Sayari ya Mshitarii huifuata kwa kung'aa.

Taa za wavuvi wa dagaa zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola, nyeupe kali. Usiku wa shwari, hewa baridi ikilala juu ya maji, mazigazi huzinyanyua juu ya upeo na unaapa zinaelea. Taa za gati la mafuta Chongoleani nazo zimetuletea maswali mengi mtaani kwetu.

Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, na nyeupe zinazopepesa. Lakini ikija moja kwa moja kwako ikiwa imewasha taa za kutua huonekana nyota iliyosimama kwa dakika kadhaa. Kituo cha Anga cha Kimataifa ni nukta moja nyeupe isiyopepesa, huvuka anga kwa dakika nne hadi sita, saa chache baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, na huzimika ghafla kikiingia kwenye kivuli cha dunia. Puto za hali ya hewa duniani kote kwa desturi hurushwa ili zipime saa 00:00 na 12:00 za saa ya dunia, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Hupanda kilomita 30 hivi, hupasuka, na kisanduku hushuka na mwavuli wake. Droni tunazijua, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga huzitaka zisajiliwe na ziwe na kibali.

Na zile shanga za tasbihi? Mpwa wangu aliye Dar aliweka 05:15, Tanga, na tarehe, kwenye programu ya setilaiti ya simu yake. Zikatokea pale pale: setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, bado zimefuatana kabla hazijatawanyika. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo watu wa kila bara wameingia ofisini na habari ile ile. Nilipomwambia mwanafunzi wangu nilidhani atasikitika. Alishika kichwa akacheka, akasema, "Kwa hiyo kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki ilikuwa kweli?" Ilikuwa kweli. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Kosa lilikuwa la aliyeandika 11:15.

Uipeleke wapi

Nakala tatu: yako, ya serikali ya mtaa, na ya ofisi inayohusika. Kama kitu kilikuwa njiani mwa ndege au karibu na uwanja wetu, ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo inayoongoza ndege. Kama kinafanana na puto au kisanduku chenye mwavuli, ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kama kuna hatari kwa watu, ni polisi, 112. Omba mhuri na tarehe ya kupokelewa kwenye nakala yako, kwa upole, na usiondoke bila hivyo. Soma alichoandika karani kabla hujasaini, hasa ile saa.

Kitu kikianguka, mambo yanabadilika. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda na vyombo vya usalama, eneo likazungushiwa, kitu kikachukuliwa, na umma ukaelezwa kwamba ni kipande cha roketi. Wanakijiji walifanya vizuri, nasi tufanye vivyo hivyo. Usikiguse: matangi ya roketi yanaweza kubaki na mafuta yenye sumu kali. Kaa upande upepo unakotoka. Zuia watoto. Na usimwite mnunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu kwa sheria ya kimataifa kipande hicho hakiachi kuwa mali ya mwenyewe, na mkataba wa 1972 unaibebesha nchi iliyokirusha fidia ya uharibifu uliotokea ardhini. Piga picha paa lililotoboka na mihogo iliyoungua kabla ya kusafisha chochote.

Jiwe nalo liripoti. Desemba 16, 1938, kimondo kiliangukia Ivuna, upande wa Mbeya, na kilichookotwa hakikufika kilo moja. Ni katika aina adimu kuliko zote duniani, na wanasayansi wanakisoma hadi leo.

Karatasi ya mwanafunzi wangu

Hii aliiandika mwenyewe, juu ya taa nyingine, si zile shanga. Nainakili kama ilivyo, ila jina nimeliacha.

"Jumatano 14 Februari 2024. Saa 2 na dakika 40 usiku, yaani 20:40, saa ya Afrika Mashariki, nimesoma kwenye simu. Nipo ufukweni Deep Sea na wenzangu wawili, tunasubiri mwezi uzame tuingie kazini. Mwezi mchanga uko magharibi. Mawingu machache. Kaskazi ya wastani. Taa moja rangi ya chungwa, nukta, haipepesi, haina mlio. Imeanza juu ya mnara wa Ulenge, ngumi mbili. Imesogea kuja upande wetu ikipanda. Nimeiegemeza kwenye mlingoti, imeuacha. Imefika ngumi tano, ikafifia, ikazimika 20:46. Wenzangu wameandika yao mbali na mimi. Hakuna aliyepiga picha, simu zao hazikuwa na chaji na yangu niliitumia kuangalia saa."

Rangi ya chungwa, inakwenda na upepo, inazimika baada ya dakika sita: ofisa wa Toulouse angefikiria kwanza fanusi ya karatasi irushwayo hewani, nami nilifikiria hivyo. Lakini upande ilikotokea, nyuma ya Ulenge, ni bahari tu. Nilimuuliza kama kulikuwa na chombo kilicholala huko usiku ule. Ameshauliza madau mawili, bado matatu. Kwenye daftari langu nimeandika C, kwa penseli.